Waya Unaoita Majina Makoko

Kelele ya kwanza kwenye waya wa kebo ilitokea mtaa wa Makoko Jumanne saa tisa alasiri, jua likiwa kali, na fundi Magesa akadhani ni friji bovu la mtu fulani. Mafundi wa kebo wanajua kuwa friji moja, au waya mmoja uliotafunwa na panya, unaweza kuchafua mawimbi ya mtaa mzima. Aliandika kwenye simu yake, akashuka nguzoni, akaenda kula.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujivunia. Kampuni ilikuwa inabadilisha amplifaya zote, vile visanduku vya kukuza mawimbi juu ya nguzo, kuanzia Nyakato mpaka Makoko, ili waya uleule wa zamani, uliozoea kupeleka taarifa ya habari na mpira, upitishe intaneti ya kasi ya gigabiti nyingi. Ugumu wake uko kwenye njia ya kurudi, ile inayotoka majumbani kwenda ofisini. Zamani waya ulisema na nyumba zikasikiliza. Sasa njia ya kurudi ilipanuliwa, nyumba nazo zikapewa nafasi ya kusema, na chochote kilichomo ndani kikikuta tundu la waya liko wazi kinapanda nguzo na kufika ofisini. Ndiyo maana kila tundu lisilotumika lazima lifungwe kwa kizibo cha shaba, na bosi alilirudia hilo kila asubuhi mpaka mafundi wakamchoka.

Ofisini Nyakato alikuwepo Jenipher, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama kelele za mitaa kwenye skrini. Ijumaa alimpigia Magesa. Alisema ile kelele ya Makoko inarudi kila siku saa tisa na kudumu robo saa, na leo ameiweka kwenye spika ili ajue ni mashine gani.

"Siyo mashine," alinong'ona. "Inaitaga watu kwa majina. Na ofisi nzima inanuka majivu yaliyomwagiwa maji."

Magesa alicheka. Jenipher ni mtu wa mikesha ya maombi, na kwa Magesa mtu wa mikesha humwona shetani hata ndani ya chupa ya soda.

Jumapili kicheko kilimwisha. Mzee Benjamini, mwalimu wa kwaya, alisimama kanisani mbele ya waimbaji, akafungua mdomo, hakikutoka hata kikohozi. Mkewe alieleza kwamba jana yake alasiri kulitokea mnong'ono nyuma ya televisheni, ukamwita mumewe kwa jina. Mzee alidhani ni yeye mkewe, akaitika. Tangu hapo hana sauti. Jumatatu saa tisa, kwenye spika ya Jenipher, kulisikika sauti nzito ya besi ya Benjamini ikiita majirani zake, mmoja baada ya mwingine, kwa upole kabisa.

Magesa aliogopa, na tuseme ukweli, hakuogopa kwa ajili ya Makoko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Boke, binti wa miaka saba asiyenyamaza hata akila, na nyumba yao ilikuwa hukohuko Makoko. Tena Boke alikuwa amelelewa. Kwao mtoto haitwi na mkubwa mara mbili: anaacha alichoshika, anaitika "abee," anakimbia. Magesa mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na aliwahi kumchapa kwa kuchelewa kumwitikia bibi yake aliyekuja kutoka Butiama.

Alimwagiza mkewe, Robi, ahamishie televisheni kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Kisha akapanda gari la Bunda kimyakimya, watu wa kanisani wasijue, kumfuata mganga aitwaye Magige. Mganga alisikiliza bila kumkatiza. Akasema hilo ni jini la siku nyingi lisilo na sauti yake, lilikuwa linazunguka tu majumbani bila madhara, na sasa mafundi wamelipatia mdomo. Dawa ni kufunga kila tundu la Makoko na kulipaka nta ya nyuki. Likikosa pa kutokea, litakauka humo ndani.

"Na sauti lilizokwisha kuchukua, mzee?" Magesa aliuliza.

"Zinakaukaga nalo," Magige alisema. "Fungeni kabla hazijawa nyingi."

Walifunga kwa siku mbili, nyumba mia moja na arobaini, Magesa akikaza vizibo na Magige akipaka nta. Nyumba ya mwisho kwenye ramani waliimaliza Alhamisi saa nane na nusu. Saa tisa kamili Jenipher alipiga simu, sauti yake ikiwa chini sana.

"Bado ipo. Kuna tundu halipo kwenye ramani, mita themanini kutoka nguzo ya kumi na tisa. Kaka Magesa, ni kwa nani huko?"

Ni kwake mwenyewe. Miezi minne nyuma alijivutia laini nyumbani kwake kwa kipande cha waya kilichobaki kazini, kama mafundi wote wanavyofanya bila kuandika popote. Ndani aliigawa mara mbili: ncha moja aliichomeka kwenye televisheni, ya pili akaiacha ikining'inia nyuma ya kochi. Hakuifunga, kwa sababu vizibo hutolewa kwa idadi ya nyumba za kwenye ramani, na yake haikuwemo; televisheni ilipohamishwa, akadhani inatosha.

Alikimbia. Alikimbia akipita wanawake walioanika dagaa, akipita watoto waliotoka shule, na kadiri alivyokaribia ndivyo ile harufu ya majivu mabichi ilivyozidi kumjaa puani, mpaka akaliona geti lake na Robi akifua uani bila habari, na kutoka sebuleni akaisikia besi ya Mzee Benjamini, ileile iliyokuwa ikiwafundisha watoto nyimbo za Jumapili, ikiita Boke, Boke njoo, na kabla mkono wake haujafika kwenye kitasa akamsikia mwanawe akiitika, upesi na kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Abee."

Alimkuta amesimama katikati ya sebule, mdomo ukifunguka na kufungika bila sauti. Nyuma ya kochi, kwenye ile ncha ya waya, sauti ya Boke ikasema, "Baba, nimeitika. Mbona bado ananiita?"

Magige aliingia akihema, akamnyooshea kizibo. "Funga."

"Mwanangu yumo."

"Mwanao huyu hapa. Funga, Magesa."

Magesa alimtoa mganga nje kwa nguvu, akafunga mlango badala ya waya.

Robi alimchukua mtoto, akaenda naye Butiama, na huko Boke anakaa kimya siku nzima. Jenipher aliacha kazi. Kampuni ilipima kelele ya robo saa kwa siku, ikaona haizidi kiwango, ikawasha gigabiti zake, na Makoko ikafurahi.

Kila alasiri Magesa hukaa sakafuni nyuma ya kochi, sikio kwenye waya. Siku za mwanzo sauti ya Boke ilizungumza naye. Sasa haimjali sana, ina kazi yake: inawaita watoto wa mtaa waje wacheze. Jana ilimwita Gody, mtoto wa jirani, mwenye miaka mitano. Kupitia ukutani Magesa alimsikia Gody akiacha mchezo wake na kuvuta pumzi ili aitike. Angeweza kumpigia kelele, na mtoto angemsikia. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, asije akaikatiza sauti ya mwanawe.