Vyunjua vya Mama Divine

Adolphine, mama wa Divine, anasuka nywele kando ya soko la Baraka. Vidole vyake vina mbio, na mdomo wake pia. Lakini vidole hivyo vilianza kuota vinundu vigumu. Ni vyunjua.

Siku moja jirani yake Émilienne alikuja kusukwa. Alipoviona, aliruka kitini, nusu ya kichwa bado timtim.

"Ile iko bulozi! Usiniguse tena!"

Habari ya ulozi ikazunguka soko. Wateja wakapotea. Msusi atakula nini bila vichwa vya watu? Adolphine alilia, kisha akaenda kituo cha afya.

Muuguzi Placide alishika mikono yake bila woga.

"Hapana bulozi, mama Divine. Ni virusi vya ngozi. Vinaambukiza, lakini haviue muntu. Kila jioni loweka vidole kwa maji ya vuguvugu, panguza, paka vazelini pembeni. Hii dawa itie juu ya chunjua tu. Usoni hapana! Ukisuka, funika na plasta."

"Nitapona kesho?"

"Labda miezi mbili, tatu. Na kinundu kikitoka damu ao kikibadilika rangi, usipake kitu. Kuya nikione."

Miezi? Adolphine hakumwamini hata kidogo. Akaamua kumtega: dawa akapaka mkono wa kushoto tu.

Ngozi ya vyunjua ikawa nyeupe. "Unaona? Ananichubua!" akamwambia mumewe Albert, aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lulimba.

Albert akatoa kichupa. "Wachana naye. Hii ni asidi ya kusafisha dhahabu. Tone moja, mambo imeisha."

Adolphine akamkazia macho. "Anza we. Tia kwa kidole yako."

Albert akaficha mikono nyuma.

"Ah! Kumbe unajua inachoma!"

Walimpelekea Placide kile kichupa. Alishtuka. "Hii ingekula kidole yote!" Kisha akatazama vidole vya Adolphine. "Ile nyeupe ni ngozi yenye kufa. Isugue polepole na kijiwe cha kusugua kisigino, na usimpe muntu mwingine kile kijiwe."

Adolphine aliendelea, bado ana mashaka. Lakini baada ya miezi mitatu mkono wa kushoto ulisafika wote. Wa kulia? Vyunjua vile vile. Akacheka mwenyewe, akaanza kupaka na wa kulia. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Siku moja Émilienne alikuja, mkono mmoja ndani ya kitenge. Akautoa kwa haya. Kidole gumba kilikuwa na chunjua.

Adolphine akauliza kwa sauti, soko lisikie: "Mama, hii ni bulozi ao virusi?"

Émilienne akainama. "Virusi," akajibu chini chini.

"Basi leta mkono," Adolphine akasema, na akaushika.