Miwani Juu ya Swichi

"Wewe dada, usirudi nyuma!"

Alisimama palepale kama aliyepigiliwa msumari. Ubao mrefu ukapita nyuma ya kisogo chake, umebebwa na wanaume wawili wanaotweta. Mlango wa karakana ulikuwa umejaa: vitanda vinatoka, mbao zinaingia, wateja wanabishana, na ndani misumeno ya umeme inalia kama nyuki waliochokozwa. Katikati ya fujo hiyo, yeye alikuwa amevaa gauni la njano lililonyooka kwa pasi, mkoba begani.

Aliyempigia kelele alikuwa fundi mrefu, nywele nyeupe kwa vumbi la mbao, utadhani mzee. Alipotabasamu ndipo ujana wake ulipoonekana.

"Umekuja kununua kabati au kuvunjwa shingo?"

"Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia ni bure, mrembo. Angalia ushibe."

Kumbe kweli alikuja kuangalia. Alikuwa mbunifu wa vifaa, na mwenye karakana alikuwa amemwita kwa jambo moja tu: mafundi wake hawakutaka kuvaa miwani ya kukinga macho. Bosi huyo alikuwa amefoka, amebandika matangazo, ametishia kufukuza. Wapi! Mafundi wawili walikuwa wameshapelekwa hospitali na vibanzi machoni.

"Wabadilishe vichwa hawa," bosi alimwambia.

"Nipe muda niwaelewe kwanza, mzee."

Basi akavuta kigoda, akakaa. Wiki nzima alitazama tu. Mafundi wakambatiza Jicho. Yule mrefu wao walimwita Randa, kwa sababu ulimi wake ulilainisha kila kitu, hata mteja aliyekuja na hasira.

Jicho akaona. Miwani ilikuwa kwenye kabati la bosi, imefungwa kwa ufunguo. Ilikuwa nzito, na jasho kidogo tu, inapata ukungu. Halafu kubwa kuliko yote, kijana mmoja aliyejaribu kuivaa aliitwa Rubani, wenzake wakamuuliza ndege inaondoka saa ngapi.

"Hawa si wakaidi, mzee," alimwambia bosi. "Miwani yako ndiyo kaidi."

Akaleta miwani ya aina nyingi, akawaachia wajaribu, wachekane, wachague wenyewe. Wakachagua ile nyepesi yenye matundu ya hewa. Kisha akakata maboksi, akatengeneza mfano wa kulabu. Randa akauchonga kwa mti mgumu. Kulabu kama hiyo waliipigilia juu ya swichi ya kila mashine, hivyo miwani ikining'inia inafunika swichi. Ukitaka kuwasha msumeno, lazima uishike miwani kwanza. Na ikishakuwa mkononi, kuivaa ni rahisi kuliko kutafuta pa kuiweka.

"Na asiyetaka?" Randa aliuliza.

"Aiweke pembeni, awashe. Simlazimishi mtu."

"Mh! Wewe ni hatari. Unampeleka mtu, yeye anadhani anakwenda mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Miwani ikaanza kuvaliwa, wala hakuna aliyekemewa. Jicho akasogeza kigoda karibu na mashine ya Randa, akawa anamletea chai, na simu za Randa nazo zikaanza.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Nakula."

"Na nani?"

"Na kijiko."

"Mwambie kijiko namwonea wivu."

Jumapili moja walikaa kibarazani kwa Randa, yeye akiwa na shati jeupe, Jicho amejifunga kitambaa cha bluu kichwani. Hapo Randa akamwambia jambo ambalo kazini hakuna aliyelijua. Baba yake naye alikuwa fundi. Kibanzi kilimchukua jicho moja, la pili likafuata polepole. Sasa anawatambua wanawe kwa kuwapapasa uso.

"Hataki kuonewa huruma," Randa alisema. "Ndiyo maana sisemi."

Jicho akamshika mkono. Alimpenda zaidi kuanzia hapo, na hapo ndipo alipokosea.

Karakanani mafundi wachache wa zamani walikuwa bado wanaweka miwani pembeni. Jicho alitaka kuwafikia na hao. Akachora kiganja kinachopapasa uso wa mtu, akabandika mchoro huo kwenye kila mashine. Ulikuwa mzuri, watu waliutazama, wengine wakaigusa miwani yao. Bosi akauliza mbele ya wote, "Huu maana yake nini?"

"Kuna fundi alipoteza macho," Jicho akajibu, furaha ya kazi imemjaa. "Sasa anawajua watoto wake kwa kuwapapasa."

Randa akazima mashine. "Vipi wewe, mbona umebadilika?" mwenzake akamuuliza. Randa alivua aproni akatoka.

Jioni Randa alipokea simu ya Jicho.

"Sikutaja jina, mpenzi."

"Hukutaja. Uso wangu ulitaja."

"Nilitaka kuokoa macho ya watu."

"Kwa macho ya baba yangu? Uliniuliza? Na mimi je? Ile chai uliyokuwa ukiniletea, kile kigoda ulichosogeza karibu na mashine yangu, yalikuwa mapenzi au majaribio? Sijui lini ulinipenda na lini ulinipima."

Akakata simu.

Asubuhi Jicho alibandua michoro yote, mmoja baada ya mwingine, mafundi wakimtazama.

"Lakini inafanya kazi!" bosi akalalamika.

"Inafanya, mzee. Ila nilichukua cha mtu bila kuomba."

Fundi mzee kuliko wote, aliyekuwa hashiki miwani hata kwa dawa, akaivaa taratibu. "Haya, nimevaa," akanung'unika. "Usije ukatulilia hapa mbao zikalowa."

Jicho hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Randa. Aliyefungua mlango ni baba yake Randa.

"Nimekuja kuomba radhi, baba. Mimi ndiye..."

"Jicho. Nimeambiwa." Mzee aliegemea mlango. "Nimekasirika. Ungeniuliza ningekubali. Sasa nakataa mpaka hasira ziishe, halafu uje uniulize tena, vizuri."

"Nitakuja, baba."

Mzee akaingia ndani. Randa alikuwa uani, mikono mfukoni.

"Baba amekusamehe nusu. Mimi bado."

"Sikuja na mbinu," Jicho alisema. "Sina chai, sina kigoda. Ukisema niondoke, naondoka. Nakupenda. Nilianza kabla hujaniambia neno lolote la kwenu."

"Lini?"

"Siku mlipomcheka Rubani. Na wewe ulicheka. Halafu wenzako walipogeuka, ukaichukua miwani yake ukaifuta ukungu kwa shati lako."

Randa akainamisha kichwa. Hakujua kama kuna mtu aliona.

"Ya baba yangu ni ya baba yangu," alisema hatimaye. "Ukitaka kitu kwetu, omba."

"Nitaomba."

"Basi na mimi naomba." Akasogea. "Nataka kuja kwenu, kwa wazazi wako, nijulikane. Ukikataa, kazini tutasalimiana vizuri tu."

Jicho akamtazama, kama alivyozoea kutazama, bila haraka. Randa akabadilisha mguu wa kusimamia. Akakohoa. Ulimi wake wote umeisha.

Dirisha likafunguliwa. "Jibu basi, binti!" mzee akaita. "Mimi sioni mnafanya nini huko nje!"

"Njoo Jumamosi," Jicho akajibu, kwa sauti ya kumfikia na baba mkwe.