Kifua cha Yahya

Cheche iliruka kutoka kwenye geti lililokuwa likichomelewa, ikatua kwenye pindo la dera jipya la Firdausi, na kabla hajapiga kelele tundu lilikuwa limeshatoboka.

"Samahani, dada! Nitalilipa," fundi alisema akivua miwani myeusi. Usoni hakuwa na dalili ya majuto.

"Nilipe kwa foleni. Mlango wa duka langu uwe wa kwanza. Nimetoka Kisarawe, huko mafundi wote wamekwenda Uarabuni."

"Hata hapa Mkuza, Kibaha, nimebaki peke yangu. Kila anayepanda ndege ananipandisha bei."

"Mwone, maringo!"

"Naitwa Yahya. Maringo ni la nyumbani."

Mlango ukapachikwa dukani wiki ile ile, simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula moshi, nasubiri wali wako." Miezi minne wakawa chanda na pete, na Yahya akaahidi kuleta posa.

Kilichomkosesha Firdausi raha ni wakala wa kazi za nje. Alipiga kila siku, na Yahya hakumkubalia wala kumkatalia. Aliongea naye kwa sauti kubwa karakanani, tajiri yake Onesmo akisikia. Dada yake Firdausi, Mwanaasha, mumewe alikuwa Maskati mwaka wa sita sasa. Firdausi aliapa yeye haolewi na mtu wa kwenye simu.

Siku moja alimpelekea Yahya chakula, akamkuta juu ya ngazi. Simu ikaita mezani. Wakala. Akapokea yeye.

"Mimi mchumba wake. Yahya ana kifua, kaka. Anakohoa damu. Mkimpima hatapita."

Akakata, akarudi Kisarawe moyo mweupe.

Wiki mbili baadaye Yahya alifika dukani bila kupiga simu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Alikataa kiti.

"Ulimwambia wakala nini?"

Firdausi alijaribu kucheka, ikamshinda. "Niliogopa utaniacha."

"Sikuwa naenda! Onesmo alikuwa ananibembeleza kwa sababu wakala ananitaka. Simu ikiita, anaongeza mshahara. Mahari yako ilikuwa inatoka kwenye simu zile. Wakala kamwambia Onesmo nina kifua, naye kanirudisha kwenye mshahara wa zamani. Eti, 'Na kifua hicho utakwenda wapi?'"

"Twende nikamwambie nilidanganya."

"Nimeshapima. Kifua kizima. Nikampelekea Onesmo cheti, akacheka. 'Basi nenda, tuone.' Wakala naye amekiona. Naondoka Jumamosi."

"Nitakusubiri, laazizi."

"Usinisubiri. Uliniua kwa mdomo wako, huku chakula changu umekishika mkononi. Nitakuaminije?"

Firdausi alilia mbele ya wateja bila haya. Yahya alisimama kidogo, kama anayetaka kurudi, kisha akavuka barabara. Bado alimpenda Firdausi, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi.

Jumatatu simu iliita, Firdausi akairukia. Alikuwa Onesmo.

"Shemeji, mimi nilidhani ananitishia tu! Kazi zimelala, Kibaha nzima sipati fundi. Nipe namba yake ya huko. Arudi, nitampa chochote anachotaka."

"Alichokuwa anataka ni kunioa," Firdausi akasema, akakata simu.