Chakula cha Mheshimiwa

Kila alasiri, kengele ya shule ilipolia tu, Chiriku alikimbilia dukani kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alianza kusema kabla hajaamka vizuri. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Shangazi aliuza samaki wa mapambo, na duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye matangi ya kioo yaliyopangwa toka sakafuni hadi karibu na dari. Pampu zilinguruma taratibu mchana kutwa, na viputo vya hewa vilipanda juu bila kuchoka.

Mwezi huo duka lilikuwa na mgeni. Daktari wa meno wa mtaa wa pili alikuwa anapaka rangi chumba chake cha kusubiria wagonjwa, akamleta samaki wake akae dukani mpaka harufu iishe. Samaki huyo alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni, madoa meusi ubavuni, na kinywa kipana chenye meno madogo makali. Chakula cha chembechembe hakukitazama hata mara moja. Alitaka kinachokimbia. Shangazi alimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikaa peke yake kwenye tangi kubwa kuliko yote, na kila mtu alimsubiri yeye.

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za kumlisha. Alhamisi moja Shangazi aliinama kwenye beseni la buluu nyuma ya duka, mahali alipofuga visamaki vya chakula, akachota vitatu kwa wavu.

"Kanuni?" aliuliza.

"Kiwe kidogo kuliko kinywa chake!" Chiriku alijibu huku akirukaruka. "Mkono hauingii ndani ya tangi! Kilichobaki kinatolewa! Tunanawa kwa sabuni!"

"Umesahau ile kubwa, mwanangu. Asiyekaa wiki mbili kwenye beseni hili haingii kinywani mwa Mheshimiwa. Huko nje samaki ana magonjwa ambayo macho yetu hayayaoni."

Kisha visamaki viliingia majini. Mheshimiwa alitulia kama kipande cha gogo. Halafu, kufumba na kufumbua, kwap! Maji yaliruka hadi kwenye kifuniko, na Chiriku akapiga kelele kana kwamba timu yake imefunga bao.

Ijumaa darasani alisimulia mpaka mate yakamkauka. Mvulana mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, alicheka.

"Maneno yako ni mengi kuliko samaki wenyewe," alisema.

"Basi njooni kesho saa nne mjionee! Atakula mbele yenu!"

Alipofika dukani alimweleza Shangazi, naye akatikisa kichwa. "Waje, wamtazame. Ila kesho halishwi. Ameshiba, na visamaki vilivyobaki kwenye beseni vina siku nne tu tangu vifike. Kufikia Jumatatu nitapata kamba wazuri kwa mfugaji, waliokwisha kutengwa kwake wiki mbili."

Chiriku aliondoka akiburuta miguu. Aliwaza jinsi Mlingoti atakavyomcheka wiki nzima. Alipokuwa akirudi nyumbani alipita kwenye mfereji ulio nyuma ya gereji. Ndani yake, chini ya maji ya kijivu, visamaki vyenye masharubu vilikuwa vinacheza. Aliviangalia kwa muda mrefu. Kisha alichukua kopo, akavua viatu.

Jumamosi saa nne kasoro dakika chache, Shangazi alitoka kwenda kuchukua pampu kwa fundi. "Usiguse kitu, narudi sasa hivi," alisema. Wanafunzi watano walifika, pua zao zikabanwa kwenye kioo. Mheshimiwa aliwatazama bila kupepesa.

"Mbona hali?" Mlingoti aliuliza.

"Subiri!" Chiriku alitoa kopo chini ya meza na kumimina visamaki viwili ndani ya tangi.

Mheshimiwa alijikunja kidogo. Kwap! Watoto walipiga mayowe, wakakumbatiana, na Mlingoti mwenyewe aliruka nyuma akakanyaga ndoo. "Nimeona! Nimeona!" alipaza sauti. Chiriku alijiona amekua ghafla.

Lakini mkia wa kisamaki ulikuwa bado unaonekana nje ya kinywa. Mheshimiwa alitikisa kichwa. Akatikisa tena, akajigonga kwenye kioo kwa kishindo, akazunguka tangi kama aliyerukwa na akili. Kinywa hakikufungika. Matundu ya pembeni anayopumulia yalifunguka na kufungwa haraka haraka.

"Amekabwa," mtoto mmoja alinong'ona.

Mlingoti alimshika Chiriku bega. "Sikiliza. Mwaga maji ya kopo. Sema tumemkuta hivyohivyo. Hakuna atakayejua."

Chiriku aliliangalia kopo. Lilikuwa jambo rahisi sana. Alitazama lile jicho la duara lililokuwa likizunguka kwa hofu, akanyanyua simu ya duka.

"Shangazi, rudi! Mheshimiwa amekabwa. Nimempa samaki wa mfereji mimi mwenyewe. Nilitaka wenzangu wamwone akila."

Upande wa pili Shangazi aliuliza, "Ni samaki wa namna gani? Niambie vizuri."

"Ana masharubu. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni, miwili ubavuni. Mmoja ulinichoma nilipomshika."

"Msimguse. Nampigia Daktari."

Hazikupita dakika kumi wakafika wote wawili, Shangazi akitweta na pampu kwapani, Daktari akiwa na koti lake jeupe na mkoba wa vifaa. Hakuna aliyemgombeza mtu. Shangazi alilowesha taulo, akamwingiza Mheshimiwa kwenye wavu mkubwa, akamfunika macho. Daktari alivaa glavu.

"Mgonjwa wangu wa kwanza asiyelalamika kuhusu bei," alisema, kisha akamgeukia Chiriku. "Una hakika ni miiba mitatu?"

"Nina hakika, Daktari."

"Vizuri. Kama nisingejua, ningemvuta kwa mkia. Miiba hiyo hufunguka kama mwavuli, ningemchana koo lote. Nimulikie hapa."

Chiriku alishika tochi kwa mikono miwili. Daktari aliingiza koleo dogo jembamba. Kak! Mwiba wa kwanza ukakatika. Shangazi alimwagia samaki maji usoni ili apumue. Kak! Wa pili. Mheshimiwa alipiga mkia, maji yakawarukia wote. "Tulia, bwana, tulia," Daktari alimbembeleza kama anavyowabembeleza watoto kwenye kiti chake. Kak! Kisha, polepole mno, kisamaki kikatoka, kikiwa kimekufa.

Walimrudisha majini. Alizama, akalala ubavu. Mara mapezi yakatikisika, akajiinua, akaogelea hadi kwenye kona yake na kuwapa mgongo.

Watoto walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Chiriku peke yake alilia.

"Kuna kingine," alisema akifuta machozi. "Niliweka viwili. Kimejificha nyuma ya jiwe."

Shangazi alikitoa kwa wavu, akakiweka kwenye ndoo ya peke yake. Halafu alieleza kwamba kazi haijaisha. Maji ya mfereji yalikuwa yameingia kwenye tangi, kwa hiyo Mheshimiwa hangerudi kwa Daktari mpaka wiki mbili zipite, wakiangalia kama atatoka madoa meupe au kukataa kula.

Wiki hizo mbili Chiriku alifanya kazi kuliko alivyosema. Kila siku alichota sehemu ya maji machafu kwa mpira, akaongeza maji safi yaliyokaa ndooni tangu jana, akaandika kwenye daftari alichokiona. Siku ya tatu Mheshimiwa alikuwa bado amenuna. Siku ya sita Mlingoti alikuja kusaidia kubeba ndoo, akaomba radhi kwa kumfundisha uongo. Siku ya tisa, Mlingoti akiwapo tena, Shangazi alishusha kamba mmoja aliyefugwa, kwa kibano kirefu, na Mheshimiwa akamnyakua kwa nguvu iliyowarusha wote watatu nyuma. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ya kumi na nne madoa meupe hayakuwapo. Daktari alipokuja kumchukua, Chiriku alimwomba msamaha mbele ya wote.

"Nimekusamehe tangu siku ile uliposhika tochi," Daktari alisema.

Shangazi aliweka mkono kichwani pa Chiriku. "Mwanangu, anayefugwa hana njia ya kwenda kujitafutia chakula kingine. Anakula unachompa, kikiwa kizuri au kibaya. Ndiyo maana tunauliza kwanza kimetoka wapi na kimekaa wapi. Sifa ilikufanya usahau hilo. Lakini ulipokosea ulisema kweli yote, hata ile sehemu ambayo hatukuiuliza, na kweli hiyo ndiyo iliyompa Daktari nafasi ya kumwokoa."