Bolti ya Nne

Kila Jumamosi asubuhi Kahaso, msichana wa miaka kumi na miwili, humsaidia mama yake katika karakana yao ndogo ya kuchapa mjini Malindi. Yeye hufunga bati la chapa. Bati hilo jembamba lenye maandishi huzungushwa kwenye rola, kisha hushikwa na kibanio chenye bolti nne. Umeme ukiwa umezimwa, Kahaso hukaza zote, ndipo humkabidhi mama spana. Ndiyo desturi yao: spana ikifika kwa mama, bati limeshika barabara na mashine yaweza kuwashwa.

Jumamosi moja walikuwa na kalenda za kuchapa. Kahaso alikuwa amekaza bolti tatu rafiki yake Linet alipomwita dirishani waende kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Basi, akili yote ikahamia uwanjani. Akampa mama spana mbiombio.

"Umekaza zote?"

"Zote, Mama."

Hata mlangoni hakufika. Mashine iliponguruma, alisikia bati likigonga ndani ya mashine: ta-ta-ta, ta-ta-ta. Mama alikuwa ameinama kutazama wino, vidole vyake karibu na rola. Kahaso alikumbuka siku bati lilipochomoka likakata debe la wino kama kipande cha sabuni. Akisema, atajulikana kuwa mwongo. Ta-ta-ta ikazidi.

"Mama, zima! Nimekudanganya, ya nne sikuikaza!"

Mama akabonyeza swichi. Rola ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Pembe ya bati ilikuwa imeshanyanyuka, shibiri moja tu kutoka mkononi mwa mama. Kahaso akaangua kilio.

Mama hakumgombeza. Aliketi juu ya marobota ya karatasi, akaukumbatia mkono wake kifuani. Kahaso hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na hilo lilimtisha kuliko bati lenyewe.

"Ungeniambia, 'Mama, bado moja,' ningengoja," mama alisema polepole. "Kungoja kusingeniumiza. Kusahau si kosa kubwa, mwanangu, hata mimi husahau. Lakini uliponiambia zote, mimi niliingiza mkono kwa sababu ya neno lako. Sikutazama bolti. Nilikuamini wewe."

Kahaso akapangusa machozi, akaichukua spana. Alikaza ya nne, kisha akarudia zote tangu ya kwanza, huku Linet akingoja nje.