Mashua Ilipokwisha

Soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, lilikuwa limefurika siku ile. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka 1992, miezi michache tangu maduka ya mjini Lubumbashi yaporwe, na kila aliyebakiwa na kitu cha kuuza alikuwa amekileta Kenya. Katika msukumano huo Anaclet alipita na mlango wa kabati kichwani, akasimama mbele ya msichana aliyekuwa akipima maharage.

"Dada, unisaidie. Pima huu mulango."

Msichana alimtazama kuanzia viatu vilivyoganda gundi hadi nywele zilizojaa unga wa mbao. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kitenge, pagne ya kijani yenye ndege wa manjano, nywele amezisuka kwa uzi zikasimama wima.

"Unauzisha mulango kwa kilo?"

"Apana. Ni mulango wa mashua. Ikikuwa nzito, haitakimbia."

Wauzaji wa jirani wakaangua kicheko. "Mashua, hapa Lubumbashi? Itapita mu vumbi?"

Mizani ilionyesha kilo nne. Anaclet akaguna, patron wake, yule aliyemwajiri, alitaka tatu na nusu.

"Basi, enda uukondeshe," msichana akasema akiuma mdomo asicheke. "Kesho ukirudia, ulete na jina yako."

Kesho yake alirudi na vyote viwili. Naye akapewa jina: Victorine.

Mashua haikuwa mzaha. Patron huyo, Monsieur Édouard, Mbelgiji aliyezaliwa papo hapo Lubumbashi, alikuwa ameporwa vitu vyote vya gereji yake, akaapa kuwachukua mke wake Céline na watoto wao kwenda kuishi baharini. Aliijenga nyuma ya gereji tupu, ile aina iitwayo katamarani: miili miwili myembamba iliyolala sambamba, imeunganishwa kwa sakafu juu yake. Haiyumbi sana, mtoto hulala usingizi wake. Na kwa kuwa ni nyepesi, upepo ukiishika huziacha mashua nzito nyuma. Anaclet, mtoto wa mfanyakazi wa reli, hakuwahi kuiona bahari, lakini aliipenda kazi ile kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza.

Jumapili, baada ya misa, Victorine alikuja kumtazama akipiga msasa.

"Hapa watalala batoto," Anaclet alimwonyesha. "Hapa jiko. Huku, papa na mama."

"Na sisi, chéri? Unajengea bantu nyumba ya kutembea mu maji. Sisi tutalala wapi?"

"Hii ikikwisha, nitaanza yetu. Ya kusimama, isiyoenda popote."

"Mudomo muzuri, kama wa mwanasiasa!" Akamrushia kipande cha msasa, wakacheka hadi Monsieur Édouard akachungulia.

Mwezi wa sita walikwenda Likasi, Anaclet akajionyeshe kwa wazazi wa Victorine. Baba yake, Papa Mbuyi, fundi wa mitambo, alimkagua viganja kwa muda mrefu. "Hii mikono inatumika kazi," akasema, na maneno hayo yalitosha.

Kisha nchi ikageuka. Kwenye mikutano watu waliambiwa kwamba Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, warudi kwao, ingawa wengi, kama Papa Mbuyi, walizaliwa hapo hapo Katanga, na Kasai walikuwa wakiisikia tu. Victorine aliacha meza yake sokoni, akawakimbilia wazazi. Aliwakuta wametupwa nje ya nyumba yao, wanalala kwenye stesheni ya Likasi na maelfu ya wengine, wakingoja treni.

Asubuhi moja simu ya gereji ililia.

"Allô? Anaclet?"

"Mupenzi! Uko wapi?"

"Kwa bamasista, bamenipa simu kidogo. Tuko ku gare ya treni, siku ya ine hii. Papa anakohoa sana. Njoo."

"Nitakuja Jumamosi. Tunafunga mwili wa pili, gundi haingoje."

"Jumamosi iko mbali, Anaclet."

"Usiogope. Bantu benu beko bengi pale, batakusaidia."

Sauti ya Victorine ikarudi, ndogo.

"Bantu benu? Tangu lini miye niko na bangu, na weye bako?"

"Victorine, sikusema vile..."

Laini ilikuwa imekatika.

Gundi ilikuwa kweli haingoji. Lakini nyuma ya kazi ulijificha woga. Kaka wa Anaclet, Kabwe, alikuwa akitembea na vijana waliowafukuza Wakasai, na alikuwa amemwambia mezani, mbele ya mama yao: "Ukileta ule musichana hapa, usirudie tena." Jumamosi ikafika, Anaclet akasema ijayo. Ijayo ikafika, akapiga msasa.

Hatimaye mashua ilikwisha. Miili miwili ikalazwa juu ya behewa la wazi, ipitie mpakani Sakania, ivuke Zambia, ikaunganishwe pwani. Céline alimbusu Anaclet mashavuni huku akilia. Monsieur Édouard alimshika bega. "Umetuokoa."

Neno lile lilimchoma kama msumari. Aliyatazama madirisha madogo ya vyumba, vitanda sita alivyovilainisha kwa mkono wake, vitupu vyote, vinaondoka. Hakungoja hata behewa lisogee. Akadandia lori la Likasi.

Stesheni ilikuwa bado imejaa mahema ya magunia na moshi wa majiko. Aliita jina la Victorine hadi sauti ikakauka. Mama Mumba, aliyekuwa akiuza maji, akamhurumia.

"Victorine wa Papa Mbuyi? Bamepanda treni juzi, mwanangu."

Miaka kumi na mitatu ikapita. Simu za mkononi zikaingia hata mtaa wa Kenya, ambako Anaclet sasa alikuwa na karakana ya vitanda na madirisha, mke aitwaye Glodie na watoto watatu. Mchana mmoja namba asiyoijua ikapiga.

"Allô. Ni fundi wa mashua?"

Akaketi juu ya rundo la mbao.

"Victorine."

"Niko Mwene-Ditu, huku Kasai. Mama mumoja wa soko amenipa namba yako. Nilitaka kukuuliza neno moja tu. Juu ya nini haukukuja?"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Siku mbili nyuma ya treni yenu."

"Mungu wangu. Na treni mbili zilipita mbele ya ile! Papa alisema tupande. Nikamuambia, tungoje, Anaclet atakuja Jumamosi."

Anaclet akauliza kile alichoogopa kukiuliza. "Na Papa?"

"Alikufa mu njia, mbele ya kufika Kamina. Tulimuzika kando ya reli."

"Ni miye nilimuua."

"Apana. Ni baridi, na bale bantu. Lakini ungekuja, Anaclet. Hata bila kitu. Ungekuja tu ukae na sisi chini pale."

"Nisamehe."

"Sijue kama nimekusamehe. Sina hasira tena, ile najua." Nyuma yake mtoto alikuwa akimwita. "Ukae muzuri."

Jioni Glodie alimkuta ameketi chini uani, viatu ameviweka kando, mikono kichwani, kama watu wanavyokaa kwenye matanga.

"Nani amekufa?"

"Baba mkwe," akajibu.

Glodie, ambaye baba yake alikuwa hai na mzima huko Lukafu, aliliweka chini beseni la unga, akaketi kando yake, asimwulize zaidi.