Hodi Ndani ya Handaki la Oldeani

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya rafiki yangu Fabian siku ile lilikuwa kufuta miwani ya kuendeshea roboti kwa ncha ya shati. Alipoivaa, alikuwa ofisini Karatu, lakini macho yake yakawa ndani ya handaki la zamani la maji kule Oldeani. Hewa ya humo ilikuwa sumu, hivyo roboti ndiyo iliyoingia kumtafuta Patrisi, fundi aliyekwama tangu juzi. Hyasinta, mke wa Patrisi, alikaa kando ya Fabian akisikiliza spika.

Maji yalidondoka gizani. Kwenye kona ya mwisho Fabian alijisahau, akasema, "Hodi."

"Karibu," spika ikajibu.

"Ni mume wangu, Baba Winnie," Hyasinta akasema. "Yu hai. Twende, kaka."

Roboti ile ilisikia tu. Haikuweza kupeleka sauti ya Fabian huko. Akaisogeza. Mwanga wa taa ukamwangukia Patrisi, kifudifudi kwenye matope, amekwisha kuvimba.

"Karibu," sauti ikarudia, kutoka mbali zaidi ya maiti.

Akavua miwani, akamweleza alichokiona.

"Unanidanganya," Hyasinta akasema. "Nimemsikia. Kesho naingia mwenyewe."

Fabian aliponisimulia sikumbishia, kwani nami nimemzika mke wangu mwaka huu.

Asubuhi Fabian aliwahi ofisini kabla ya Hyasinta. Alizima mitambo yote, akakata waya wa spika kwa mkasi, Hyasinta asiisikie tena sauti ile. Alikuwa anafunga mlango aliposikia kutoka ndani, kwa upole:

"Karibu, Mama Winnie."